Jicho, Kioo na Sikio: Je, Kusikiliza Kitabu ni Kukisoma?

1. Utangulizi

Mwanzoni mwa kila mwaka wa masomo, tunapowatangazia wanafunzi vitabu vya kozi ya fasihi ya Kiswahili, swali linalotungojea ni lile lile: "Mwalimu, tukinunue, tukitafute katika simu, ao kuna mtu aliyekisoma tukisikilize?" Walimu waliotutangulia hawakuulizwa hivyo. Kwao kitabu kilikuwa kitu kimoja tu, karatasi zilizoshonwa ndani ya jalada, na shida ilikuwa kukipata. Leo kitabu kina miili mitatu: kitabu cha chapa, kitabu cha kielektroniki na kitabu cha sauti.

Mara nyingi swali hili hujibiwa kwa kufuata ladha ya mtu. Mmoja husema kwamba anapenda kushika karatasi. Mwingine, kwamba simu ni nyepesi kuliko mkoba wa vitabu. Wa tatu, kwamba macho yake huchoka na masikio yake hayachoki. Majibu hayo si mabaya, maana kila mtu ana haki ya kupenda akipendacho. Lakini kwa watu wanaojifunza Kiswahili kama taaluma hayatoshi. Makala haya yanakusudia kueleza kwamba miili hiyo mitatu haibebi mzigo ule ule. Kila mmoja huhifadhi sehemu fulani ya matini ya Kiswahili na kuiacha sehemu nyingine njiani. Kwa hiyo, kabla ya kusema "mimi napenda hiki", yafaa tujue ni nini kinachoachwa, na ni nani atakayekikosa.

Hatukulifikia jambo hili kwa njia ya nadharia. Tulilifikia kwa sababu ya mtihani wa mwanafunzi mmoja, na ni vema tuanzie hapo.

2. Chanzo cha swali

Miaka michache iliyopita, mwanafunzi wetu mmoja alianza kupoteza uwezo wa kuona. Kitabu cha kozi kilikuwa Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1951. Mwanzoni alikisoma katika nakala ya kielektroniki, akiyakuza maandishi kwenye kioo cha simu. Kadiri macho yalivyofifia ndivyo herufi zilivyozidi kukuzwa, hata kioo kikawa hakichukui ila maneno manne kwa mara moja. Alituambia kwamba kabla ya kufika mwisho wa sentensi alikuwa amekwisha kusahau kiima chake.

Kisha akaiamuru simu imsomee. Simu ile ilikuwa na sauti ya Kifaransa tu, nayo ilisoma Kiswahili kwa kanuni za Kifaransa. Msomaji anayezijua lugha zote mbili atatambua mara moja hasara iliyotokea. Herufi u ikatamkwa kama ile ya neno la Kifaransa rue. Ch ikawa sh. Na irabu e ya mwisho, ambayo Kifaransa huinyamazisha, ikatoweka. Hilo la mwisho si jambo la lafudhi tu. Katika Kiswahili irabu ya mwisho hubeba sarufi: anasoma ni taarifa, asome ni matakwa au amri. Ukiiondoa e, husikii ila asom, neno lisilo la dhamira yoyote. "Mwalimu," alisema, "simu inakula mikia ya maneno."

Ndipo tukaamua kumsomea kitabu sisi wenyewe. Tulikirekodi kwa simu jioni baada ya jioni, umeme ulipokuwapo na ulipokatika, naye akakisikiliza mara nyingi kuliko ambavyo wenzake walikisoma.

Mtihani ulipokaribia, mwenzetu mmoja wa idara, mtu makini anayeheshimiwa na wote, alitoa hoja. Maelezo ya kozi yanataka mwanafunzi "asome" kitabu. Huyu hakukisoma, alisomewa, tena alisomewa na mwalimu yule yule atakayemtahini, kwa sauti iliyokwisha kumwelekeza nini cha kufahamu. Je, tunampima yeye au tunajipima wenyewe? Akamalizia kwa methali: kusikia si kuona.

Hoja hiyo haikuwa ya chuki, wala haikuwa nyepesi. Kama ingekubaliwa, msichana yule angepoteza mwaka, na pengine angeacha masomo kabisa. Kama ingekataliwa bila kuchunguzwa, mtihani ungepoteza maana. Tuliomba siku chache ili tuitafakari, na sehemu zifuatazo ni matunda ya tafakuri hiyo.

3. Kitabu cha chapa

Tuanze na kile tunachokipenda kwa mazoea. Ubora wa kwanza wa kitabu cha chapa ni kwamba hakidai chochote baada ya kununuliwa. Hakitaki umeme wala mega za intaneti. Anayeishi katika mtaa ambapo umeme hukatika jioni anajua thamani ya kitu kinachosomeka kwa mshumaa.

Ubora wa pili ni uthabiti wa ukurasa. Mwalimu akisema "tufungue ukurasa wa 34", wanafunzi wote wenye toleo hilo watafika mahali pamoja. Uthabiti huo una maana zaidi kwa ushairi. Mshororo wa shairi la kimapokeo mara nyingi una mizani 16, zilizogawanyika katika vipande viwili vya mizani nane, yaani ukwapi na utao, kila kimoja na kina chake. Katika ukurasa wa karatasi jicho hushuka kwa safu mbili na kuviona vina vya kati na vya mwisho vikipangana. Umbo lenyewe hufundisha kanuni kabla mwalimu hajasema neno.

Ubora wa tatu umethibitishwa na watafiti. Mwaka 2018, Delgado, Vargas, Ackerman na Salmerón walilinganisha tafiti 54 zilizotolewa kati ya mwaka 2000 na 2017, zenye washiriki zaidi ya 170,000. Waliona kwamba kwa jumla wasomaji wa karatasi walifahamu zaidi kuliko wasomaji wa kioo, hasa muda ulipokuwa mfupi na matini ilipokuwa ya maelezo. Kwa matini za hadithi tofauti hiyo haikuonekana. Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa isimu angefanya vizuri kuyakumbuka hayo.

Lakini chapa ina maadui wake. Mchwa hawajui tofauti kati ya tasnifu na gazeti la jana, na unyevu wa majira ya mvua hugandamanisha kurasa. Tena kitabu cha Kiswahili kilichochapishwa Dar es Salaam au Nairobi hutufikia kwa bei kubwa, kama kikitufikia. Mara nyingi nakala moja hutumikia darasa zima, na wengi huishia kusoma fotokopi ya fotokopi, ambayo nukta zake zimekuwa madoa na madoa yake yamekuwa nukta.

Kuna jambo jingine ambalo hatulifikirii mara nyingi. Chapa yenyewe huwa ni usomaji wa mtu fulani. Tuchukue mfano unaoihusu nchi yetu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili katika herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode ndiye aliyezigeuza kuwa herufi za Kirumi na kuzichapisha Berlin mnamo 1902 na 1903. Maandishi ya Kiarabu ya desturi ya zamani yana alama tatu tu za irabu, hali Kiswahili kina irabu tano. I na e huandikwa kwa alama moja, u na o vivyo hivyo. Anayeyageuza kuwa ya Kirumi hana budi kuamua, neno kwa neno, irabu ipi ilikusudiwa, sentensi iishe wapi, alama ya kuuliza iwekwe wapi. Msomaji wa leo hayaoni maamuzi hayo. Huona wino tu, na hudhani kwamba hakuna mtu kati yake na mwandishi.

4. Kitabu cha kielektroniki

Kitabu cha kielektroniki kimetuondolea kikwazo cha umbali. Maandishi ya riwaya nzima yanaweza kuingia katika faili isiyozidi megabaiti moja au mbili, na faili hiyo hupita kutoka simu hadi simu bila kuchakaa. Vitabu ambavyo vilikuwa Brussels au London tu, leo vingine vinasomwa na mwanafunzi aliyeketi chini ya mwembe. Yeyote aliyewahi kubeba Dictionnaire Swahili-Français ya Alphonse Lenselaer, iliyotolewa Paris mwaka 1983, pamoja na kamusi nyingine mbili, anaelewa faida ya kuwa na maktaba mfukoni.

Faida kubwa kwa mwanaisimu, hata hivyo, ni kutafuta. Kazi ambayo zamani ilihitaji kadi za karatasi na miezi mingi, sasa huchukua nukta chache. Lakini ni lazima tujue jinsi chombo hiki kinavyotafuta, kwa sababu hakikutengenezwa kwa lugha yenye viambishi kama Kiswahili. Ukiandika soma, utaletewa anasoma, walisoma na kusoma. Hutaletewa asome, hawasomi, kilichosomwa wala msomi, kwa kuwa irabu ya mwisho imebadilika au kiambishi kimeingia baada ya mzizi. Ukipunguza hadi som, utavipata vyote hivyo, pamoja na somo na hata Somalia. Na kwa vitenzi vya mzizi mfupi, kama kula au kufa, utafutaji wa namna hii hauna faida, kwani la na fa zimo katika maneno yasiyohesabika.

Kuna mitego mingine. Neno ng'ombe linaweza kuandikwa kwa alama iliyonyooka au kwa alama iliyopinda. Kwa jicho ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni vitu viwili, na programu nyingine zitakujibu kwamba katika kitabu kizima hakuna ng'ombe hata mmoja. Tena nakala nyingi tunazopeana si maandishi bali ni picha za kurasa. Picha haitafutiki wala haisomeki kwa sauti mpaka ipitishwe katika programu ya kutambua herufi, na programu hiyo hukosea.

Ukurasa nao hupoteza uthabiti wake. Maandishi yakikuzwa, kurasa huongezeka, yakipunguzwa, hupungua. Kwa hiyo namba ya ukurasa katika simu yako si yangu. Shairi huumia zaidi: mshororo wa mizani 16 usipotosha katika upana wa kioo hukatwa mahali popote, kina cha kati huonekana kana kwamba ni cha mwisho, na mwanafunzi mgeni huhesabu mishororo minane mahali palipo na minne. Tumesahihisha kosa hilo mara nyingi, na kosa halikuwa la mwanafunzi.

Mwisho ni suala la umilikaji. Kitabu cha karatasi ukikinunua ni chako. Kitabu cha kielektroniki mara nyingi ni ruhusa tu ya kusoma. Mwezi wa Julai 2009, kampuni ya Amazon ilifuta nakala za 1984 na Animal Farm za George Orwell kutoka vifaa vya wasomaji waliokwisha kuzilipia, kwa sababu aliyeziweka sokoni hakuwa na haki nazo. Wasomaji walirudishiwa fedha, na kampuni iliomba radhi. Lakini hakuna muuza vitabu wa karatasi awezaye kuingia nyumbani mwako usiku na kuchukua kitabu rafuni.

5. Kitabu cha sauti

Wengi huona kitabu cha sauti kuwa jambo la juzi. Sivyo. Thomas Edison alipovumbua mashine ya kurekodi sauti mwaka 1877, mwaka uliofuata alitaja vitabu kwa ajili ya vipofu miongoni mwa matumizi yake. Katika miaka ya 1930 ndoto hiyo ilitimia: Marekani ilianza kuwapelekea wasioona vitabu vilivyosomwa kwenye sahani za santuri mwaka 1934, na Uingereza ikafuata mwaka 1935, kwanza kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Kitabu cha sauti, basi, hakikuzaliwa kwa sababu ya uvivu wa kusoma. Kilizaliwa kwa sababu ya watu waliofungiwa mlango wa kusoma.

Kwa Kiswahili, sauti hurudisha mambo matatu ambayo maandishi huyaacha. La kwanza ni mkazo. Neno barabara likiwa na mkazo katika silabi ya kabla ya mwisho ni njia. Likiwa na mkazo katika silabi ya pili ni sawasawa. Maandishi hayaonyeshi tofauti hiyo. La pili ni kiimbo. Mara nyingi Kiswahili huuliza kwa kupandisha sauti tu, bila kubadili hata neno moja: "Utakuja kesho" huweza kuwa habari, swali au amri. La tatu ni lafudhi. Maandishi mtu husomwa na Mzanzibari kwa m yenye silabi yake, na mtu wa Lubumbashi huelekea kusema mutu. Maandishi yanawaruhusu wote wawili wajione wamo kitabuni. Sauti humchagua mmoja.

Hapo ndipo faida inapogeuka kuwa hasara. Msomaji kwa sauti hawezi kuacha jambo bila kuliamua. Tulipokuwa tukirekodi Kusadikika tulitambua kwamba tunafanya kazi ile ile ya Brode. Kila palipokuwa na mashaka, koo letu lilitoa hukumu. Tulimpa waziri Majivuno sauti ya kiburi kabla msikilizaji hajapata nafasi ya kumhukumu mwenyewe kwa maneno yake. Mwenzetu alikuwa na haki katika jambo hilo.

Kasoro nyingine ni za kawaida. Sikio haliwezi kurusha jicho juu ya ukurasa kutafuta jina. Tahajia haisikiki. Faili za sauti ni nzito: saa moja ya usomaji kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde ni karibu megabaiti 29, yaani kwa uzito wa kitabu kimoja cha sauti mwanafunzi angeweza kubeba makumi ya vitabu vya maandishi. Na vitabu vya Kiswahili vilivyosomwa vizuri kwa sauti bado ni vichache mno.

Je, msikilizaji hufahamu kidogo kuliko msomaji? Rogowsky, Calhoun na Tallal, mwaka 2016, waliwapa watu wazima 91 sehemu za kitabu kimoja cha Kiingereza. Wengine walisoma kwenye kioo, wengine walisikiliza, wengine walifanya yote mawili pamoja. Hawakuona tofauti kubwa, si papo hapo wala baada ya majuma mawili. Mwaka 2022, Clinton-Lisell alilinganisha tafiti 46 na kufikia karibu jibu hilo hilo, isipokuwa kwamba kusoma kulizidi pale msomaji alipojiendesha kwa mwendo wake mwenyewe, na pale maswali yalipodai kukisia yale ambayo matini haikuyasema wazi. Kwa maneno mengine, udhaifu hauko katika sikio lenyewe. Unatokana zaidi na kunyimwa nafasi ya kurudi nyuma.

6. Matini moja, miili mitatu

Ili tusibaki katika mambo ya jumla, tuangalie matini moja iliyozaliwa hapa kwetu. Mwaka 1965, katika mji ulioitwa bado Elisabethville, André Yav aliandika kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani historia ya mji na ya utawala wa Wabelgiji kama walivyoiona wao. Matini hiyo, ijulikanayo kwa jina la Vocabulaire, ilipigwa kwa mashine ya kuandikia katika Kiswahili cha Katanga, si katika Kiswahili sanifu. Ni chapa, lakini ni chapa ngumu kwa jicho: maneno yamekatwa au kuunganishwa pasipo kufuata tahajia ya shule, na vituo havimwongozi msomaji. Aliyeizoea tahajia ya vitabu hujikwaa tangu mistari ya kwanza.

Johannes Fabian alipotaka kuihariri, alitambua kwamba njia ya kuifahamu ni kuisikia. Kalundi Mango, mwenyeji wa Lubumbashi, aliisoma kwa sauti, naye alipoisoma, mipaka ya maneno na ya sentensi ikajitokeza. Usomaji huo ukaandikwa upya, na mwaka 1990 matini, tafsiri na maelezo vikatolewa Amsterdam katika kitabu kimoja, pamoja na maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho. Baadaye matini ikawekwa katika intaneti, mahali ambapo mtu wa Lubumbashi anaweza kuisoma bila kununua kitabu cha Ulaya.

Tuangalie vema mpangilio huo. Bila karatasi ya 1965, maneno ya watumishi wale yangalikwenda pamoja nao kaburini. Mali bila daftari hupotea bila habari. Bila sauti, karatasi ingalibaki bubu kwa wengi wetu. Bila intaneti, kitabu kingalikuwa mali ya maktaba chache za mbali. Hakuna hata mmoja wa miili hiyo mitatu uliotosha peke yake, na hakuna uliokuwa mpambe tu wa mwingine.

7. Hitimisho

Turudi kwenye mtihani. Jibu letu kwa mwenzetu lilikuwa na pande mbili. Tulikubali kwamba kusikiliza si jambo moja na kusoma, kwa kuwa sauti imekwisha kuamua mengi. Lakini tuliongeza kwamba wanafunzi wengine nao walisoma kitabu kilichoamuliwa na mhariri, katika fotokopi iliyoamuliwa na mashine. Haki haikuwa kumzuia aliyesikiliza. Haki ilikuwa kumrudishia yale mawili aliyonyimwa: nafasi ya kurudi nyuma, na uhuru wa kuamua mwenyewe. Idara ikakubali kwamba atahiniwe kwa mdomo, na kwamba kila kifungu kisomwe mara nyingi kadiri atakavyo, na msomaji asiyekuwa sisi.

Siku ile alieleza bila kukosea mpangilio wa utetezi wa Karama mahakamani, na jinsi wajumbe waliotumwa pande sita walivyolipwa kifungo kwa utumishi wao. Kwa swali la tahajia ya jina moja alisita, akakiri kwamba hajawahi kuliona. Kisha akapewa kifungu chenye kejeli. Msomaji alipoanza kukisoma kwa madaha, alimkatiza kwa adabu: "Samahani, baba. Unisomee tena, lakini usinisaidie." Kikasomwa upya kwa sauti tambarare, bila kupanda wala kushuka, naye akaionyesha kejeli ilipokuwa, neno kwa neno. Mwenzetu aliyetoa hoja ndiye aliyekuwa wa kwanza kuandika alama.

Sasa tunaweza kusema tunapendelea nini, na kwa sababu gani. Kwa ushairi, na kwa kazi inayodai kusoma polepole kwa kalamu mkononi, tunachagua chapa. Kwa kutafuta umbo la neno katika kurasa elfu, na kwa kuvipata vitabu visivyotufikia, tunachagua kielektroniki, tukikumbuka kutafuta kwa mzizi na kuweka nakala zaidi ya moja. Kwa hadithi na hotuba, na kwa kila matini iliyoandikwa kama inavyosemwa Katanga, Kivu au Kisangani, tunataka pia sauti. Kusadikika yenyewe tunaimiliki katika karatasi, lakini tangu jioni zile hatuwezi kuifungua bila kusikia mahakama.

Kwa wenzetu wa idara na kwa wanafunzi tunatoa mapendekezo matatu yasiyodai fedha nyingi. Kwanza, nakala za kozi zitolewe kama maandishi halisi, si picha za kurasa, ili zitafutike na ziweze kusomwa na mashine. Pili, anayetaka kusomewa na simu asiridhike na sauti ya Kifaransa. Programu zenye sauti ya Kiswahili zipo, kama ile ya bure iitwayo eSpeak, na ingawa sauti yake ni kavu, haili mikia ya maneno. Tatu, kila mwanafunzi anayemaliza kozi arekodi sura moja ya kitabu alichokisoma, kwa lafudhi yake, kwa idhini ya wenye haki pale inapohitajika. Mwanafunzi wetu yule amekwisha kuanza: anatunza rekodi za wenzake, na kila anayemletea sura humpa sharti moja, kwamba asome kwa uaminifu na asimsaidie.